Sauti ya Filimbi Haikuzwi kwa Nguvu



Tumetakiwa kusema maneno machache juu ya filimbi, na namna ya kumsaidia mwanafunzi aipate sauti iliyo njema na iliyo kubwa. Filimbi tunayoinena ni ile ishikwayo kwa kulazwa, mwisho wake ukielekea mkono wa kulia wa mpigaji. Si ile ya askari wala ya mwamuzi wa mpira. Huenda mtu akasema ya kuwa jambo hili ni dogo, halistahili nafasi katika siku za shangwe kama hizi. Sisi twaona kwamba si dogo hata kidogo. Watoto huchukua filimbi kwa furaha, kisha wengi huiweka chini kabla mwaka haujaisha, maana wamekwisha kuambiwa, "Wewe huna pumzi," au, "Kifua chako ni kidogo." Maneno hayo mara nyingi si kweli, na mtoto akisha kuyasikia aweza kuyachukua maisha yake yote. Kwa hiyo twataka kuonyesha leo ya kuwa sauti ya filimbi hupotea njiani, na kazi ya mwalimu ni kutafuta mahali inapopotelea.

Kwanza yafaa tujue jinsi sauti yenyewe inavyozaliwa. Zumari ina tete, na tarumbeta hutikiswa na midomo ya mpigaji. Filimbi haina tete, wala midomo haitikisiki. Pumzi hutoka midomoni kama utepe mwembamba, huvuka tundu la mdomo, na kuupiga ukingo wa upande wa pili. Hapo utepe huo hucheza, mara waingia ndani ya tundu, mara wapita nje, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuiona. Na mchezo huo ndio uitikisao hewa iliyomo ndani ya filimbi. Noti ya la, ambayo kwayo vyombo hulinganishwa, hutikisika mara 440 kwa sekunde moja. Yule apigaye endere ya Uganda, ishikwayo wima na yenye pengo lililochongwa penye ncha yake, naye afanya kazi iyo hiyo ya kuielekeza pumzi ukingoni. Basi pumzi sharti ifike ukingoni ikiwa nyembamba, yenye kasi, na iliyoelekezwa sawa. Ile ipitayo juu, au itawanyikayo pembeni, haifanyi kazi yo yote. Husikika kama upepo katika majani makavu, na kifua huchoka bure.

Liko jambo moja katika habari za filimbi ambalo latufundisha sana. Mwaka 1831 fundi mmoja wa Munich, nchi ya Ujerumani, jina lake Theobald Boehm, alikuwa London. Alikuwa mfua dhahabu, tena mpigaji filimbi mwenye sifa. Huko alimsikia Mwingereza Charles Nicholson, ambaye filimbi yake ilikuwa na matundu makubwa kuliko desturi ya siku zile, na sauti yake ilikuwa kubwa na imejaa. Boehm aliona ya kuwa kwa chombo chake mwenyewe hawezi kuifikia sauti ile. Je, alirudi kwao akapuliza kwa nguvu zaidi? Sivyo. Alikichunguza chombo. Akaona kwamba matundu ya filimbi za zamani yalikuwa madogo, na yametobolewa pale vidole viwezapo kufika, wala si pale sauti inapoyataka yawe. Mwaka 1832 akatengeneza filimbi mpya, yenye matundu makubwa mahali panapostahili, na vyuma vya kuyafunga yale ambayo vidole havikuweza kuyafikia. Hata hivyo hakuridhika. Alipokuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 50, alikwenda kujifunza elimu ya sauti kwa mtaalamu wa chuo kikuu cha Munich, na mwaka 1847 akatoa filimbi nyingine, ambayo mwili wake ni bomba lenye upana ule ule tangu juu hata chini, na kichwa chake hupungua upana kuelekea penye kizibo. Filimbi zipigwazo leo katika vikundi vikubwa vya muziki karibu zote zafuata mfano huo. Basi waalimu, tuushike mwendo wa mtu huyu: sauti ikiwa ndogo, tutafute sababu kwanza.

Sababu ya kwanza yaweza kuwa ndani ya chombo chenyewe. Chini ya kila kifuniko cha filimbi kuna kitambaa kinene kilichovikwa utando mwembamba. Kikichakaa au kikipinda, hewa huvuja, na noti za chini hufa kabisa. Mtoto hupuliza hata macho yakamtoka, naye hana kosa. Chukua kipande cha karatasi nyembamba, kitie chini ya kifuniko, funga polepole, kisha kivute. Karatasi ikishikwa kidogo pande zote, ni vyema. Ikitoka bure, hapo pana mwanya. Tena tazama kizibo kilichomo katika kichwa cha filimbi. Umbali wake kutoka katikati ya tundu la mdomo ni kadiri ya milimita 17, na ile fimbo ya kusafishia kwa desturi ina alama ya kuupimia. Kizibo kikihama, sauti za juu na za chini hazipatani tena. Mambo haya mawili yakaguliwe kabla ya kumlaumu mtoto ye yote.

Sababu ya pili ni midomo. Mpe mwanafunzi kichwa cha filimbi peke yake, na kioo kidogo cha kujitazamia. Kibao cha mdomo kikae kidevuni chini ya mdomo wa chini, na mdomo huo ufunike kadiri ya robo au theluthi ya tundu. Akifunika zaidi, sauti husongwa. Akifunika kidogo mno, hutawanyika. Pembe za midomo zitulie bila kukazwa kama mtu acekaye kwa kujilazimisha, na mlango wa pumzi katikati uwe mdogo, mpana kidogo kuliko urefu wake. Kisha akipuliza, mtazame ukungu unaobaki juu ya kibao mbele ya tundu. Ukiwa mdogo na umechongoka, pumzi yakwenda mahali pamoja; ukienea huku na huku, pumzi yatapanywa. Midomo ya watu haifanani, na wako ambao mlango wao hukaa kando kidogo. Hao wasilazimishwe kuurudisha katikati, maadamu sauti ni safi.

Sababu ya tatu ni namna ya kuvuta na kutoa pumzi. Wengi wakiambiwa wavute pumzi huinua mabega, na pumzi yao huishia juu ya kifua. Mlaze mwanafunzi chali juu ya mkeka, atie mkono juu ya tumbo, apumue kama mtu anayetaka kulala. Ataona tumbo lainuka na mbavu za chini zapanuka. Pumzi ya namna hiyo ndiyo aitumie akisimama, kichwa kikiwa wima, mabega yameshuka, na viwiko haviegemei mbavu. Kisha asimame karibu na ukuta, aweke kipande cha karatasi ukutani, na kwa pumzi peke yake akizuie kisianguke, huku akihesabu. Siku ya kwanza labda atafika 5, baadaye 10, tena zaidi. Na mwanafunzi akiona kizunguzungu, akae chini apumzike. Kizunguzungu chatokea kwa sababu anatoa hewa nyingi mno kwa upesi. Mlango wa midomo ukisha kuwa mdogo, kwa kawaida nacho hupungua.

Sasa twaja kwa mazoezi ya kila siku. Mfaransa Marcel Moyse alitoa mwaka 1934 kitabu juu ya sauti ya filimbi, na mazoezi yake ya mwanzo ni mepesi mno kuyaeleza: chukua noti moja iliyo nzuri, ishike muda mrefu, kisha shuka nusu hatua hata noti ya pili, ukiuchukua uzuri wa ile ya kwanza uuingize katika hiyo. Halafu shuka tena. Kwa njia hii noti njema huwa mwalimu wa noti mbaya. Mwanafunzi asiende mbele mpaka noti ya pili imefanana na ya kwanza. Dakika 10 za kazi hii kila siku zafaa kuliko saa nzima siku ya Jumamosi peke yake, maana midomo ni nyama, nayo hujifunza kidogo kidogo. Wazee walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Noti ndefu zikisha kutulia, ndipo tuongeze ukubwa. Aanze kwa sauti ndogo, aikuze kwa hesabu ya nne, aipunguze kwa hesabu ya nne, bila kuikata. Hapa pana mtego. Pumzi ikizidi, noti hupanda juu ya mahali pake. Pumzi ikipungua, hushuka. Ndiyo maana kundi la filimbi likipiga kwa makelele husikika kama lagombana. Basi akikuza sauti, aielekeze pumzi chini kidogo, na kinywa kiwe wazi kwa ndani kama mtu asemaye "o". Akiipunguza, aielekeze juu kidogo, na mlango wa midomo uzidi kuwa mdogo ili kasi isipotee. Sikio lake ndilo litakalomwonya.

Tena ikumbukwe ya kuwa noti za chini za filimbi kwa asili yake hazina sauti kubwa. Kama filimbi yaongoza wimbo kati ya waimbaji wengi, mwalimu asimlazimishe mtoto kushindana nao huko chini. Aipandishe sauti yake noti nane juu, nayo itasikika bila taabu.

Na mkitaka kuyapima maneno yetu, fanyeni hivi. Waweke wanafunzi wawili mwisho mmoja wa jengo, nanyi msimame mlangoni upande wa pili. Mmoja apulize kwa nguvu na upepo mwingi, mwingine kwa sauti safi iliyokusanyika. Karibu yao, yule wa kwanza ataonekana kushinda. Mlangoni mtamsikia wa pili, maana upepo hufa njiani, lakini sauti iliyo safi husafiri. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini uvumi wake hauongozi mtu kuimba.

Basi ndugu, ombi letu ni hili moja. Asiondolewe mtoto katika kundi la filimbi kwa kuwa sauti yake ni ndogo, mpaka mwalimu wake amekagua chombo, ametazama midomo, na amesikiliza pumzi, na kumpa muda wa kutosha wa mazoezi ya noti ndefu. Na neno lile, "Puliza kwa nguvu!" tuliache, mahali pake tuseme, "Kusanya pumzi yako."