Fundi, Mbunge na Mkataba wa Umeme: Maswali Kutoka Kemambo



Nimeombwa nizungumzie wanasiasa waliotokea kwenye kazi ya umeme na gesi. Ningeweza kuanzia Bungeni. Naanzia Kata ya Kemambo, Tarime, kwa sababu huko ndiko mada hii inakouma. Usiku, ukisimama ng'ambo ya Mto Mara upande wa Serengeti, huna haja ya kuuliza mgodi wa North Mara uko wapi. Taa zake zinakuambia. Mgodi huo ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2002, umepita mikononi mwa Placer Dome, Barrick na Acacia, na sasa umerudi Barrick, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16 kupitia kampuni ya ubia ya Twiga. Vijiji kama Kewanja na Kerende vimepakana nao. Huko utamkuta mama anafunga hesabu za duka kwa tochi ya simu umeme ukikatika, na kijana mwenye karasha ya kusagia mawe anaendesha kwa dizeli, kwa sababu laini iliyopita mlangoni pake ni ya njia moja na mota yake inataka njia tatu.

Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme. Ni kazi kubwa, na mwenye kuibeza hakumbuki hali ilivyokuwa kabla Wakala wa Nishati Vijijini, REA, haujaanza kazi mwaka 2007. Lakini kijiji huhesabiwa kimefikiwa laini inapofika na transfoma inapofungwa. Kaya iliyo bondeni, mbali na nguzo ya mwisho, nayo imo kwenye hesabu hiyohiyo, huku ikiendelea kuwasha koroboi. Ndiyo maana sasa hesabu imeshuka kwenye vitongoji, ambavyo ni 64,359. Ada ya kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000, na familia nyingi zinaimudu. Kinachozikwamisha ni nguzo. Nani aliamua kwamba laini iishie pale, na transfoma ikae karibu na nyumba ile badala ya hii? Jibu la ofisini litakuwa mkandarasi, wigo wa mradi, bajeti. Wazee wa Kemambo watajibu kwa neno moja: siasa. Wako sahihi zaidi kuliko wanavyodhaniwa.

Siasa za Tarime kwa miaka 20 zimejengwa juu ya dhahabu. Marehemu Chacha Wangwe, mbunge kuanzia 2005 hadi alipofariki mwaka 2008, alipata jina kwa kuusemea upande wa wananchi dhidi ya mgodi, na John Heche aliibeba ajenda hiyo baada yake. Umeme haukupata msemaji wa namna hiyo. Wananchi wanajua kuhoji fidia ya shamba hadi mche wa mwisho wa mkonge, lakini sijasikia mkutano wa hadhara ukihoji jinsi bei ya uniti moja ya umeme inavyopatikana. Hapo ndipo swali la leo linapoingia: je, tungekuwa na watu wa kazi ya umeme ndani ya siasa, mambo yangekwenda vizuri zaidi?

Uganda walijaribu. Irene Muloni alihitimu uhandisi wa umeme Makerere mwaka 1986, akafanya kazi Bodi ya Umeme ya Uganda, na bodi hiyo ilipovunjwa mwaka 2001 kuwa kampuni tatu, za uzalishaji, usafirishaji na usambazaji, akaja kuwa Mkurugenzi Mtendaji wa ile ya usambazaji, UEDCL. Kampuni hiyo ilibaki mmiliki wa nguzo na nyaya, huku kazi ya kuuza umeme ikikodishwa kwa kampuni binafsi ya Umeme kuanzia Machi 2005, kwa miaka 20. Kwa hiyo alipochaguliwa mbunge wa wanawake wa Bulambuli na kuteuliwa Waziri wa Nishati mwaka 2011, alikuwa ameshakaa upande wa mwenye mali katika mkataba mzito kuliko yote ya sekta yake. Mawaziri wengi wa nishati hukutana na mikataba ya namna hiyo kwa mara ya kwanza siku wanapokabidhiwa ofisi.

Alikaa hadi Desemba 2019. Bwawa la Bujagali, megawati 250, lilizinduliwa mwaka 2012 na kupunguza mgao uliokuwa umewachosha Waganda. Isimba na Karuma zilianza kujengwa. Lakini ni katika kipindi hichohicho, mwaka 2016, kasoro za ujenzi wa mabwawa hayo mawili zilipoanikwa hadharani, zikiwemo nyufa za Karuma. Mhandisi akiwa waziri, nyufa zikatokea. Sisemi hivyo kumlaumu, maana bwawa linajengwa na mkandarasi na kusimamiwa na msimamizi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Nasema ili tusitegemee taaluma ya mtu mmoja itufanyie kazi ya taasisi nzima. Na ule mkataba wa miaka 20 ulipoisha Machi 2025 na UEDCL kurudishiwa biashara yake, Serikali ya Uganda ililipa dola milioni 118, na Umeme wakasema wanadai zaidi. Deni la aina hiyo huandikwa siku ya kusaini, na anayelipa ni waziri mwingine kabisa.

Kwetu Tanzania njia ni nyembamba zaidi. Ibara ya 55 ya Katiba inataka waziri awe mbunge. Mtaalamu anayehitajika serikalini ana milango miwili: apite kwa wapiga kura, au Rais amteue miongoni mwa wabunge wasiozidi 10 wanaoruhusiwa na Ibara ya 66. Profesa Sospeter Muhongo, mwana wa mkoa huu wetu wa Mara, aliingia kwa mlango wa pili. Alikuwa mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwenye heshima nje ya mipaka. Mwaka 2012 akateuliwa mbunge na Waziri wa Nishati na Madini. Hakutoka TANESCO, shirika la umeme la taifa, lakini gesi iliyo chini ya bahari ni habari ya miamba, na miamba ndiyo fani yake.

Naomba tukae hapa kidogo. Januari na Mei 2013 Mtwara iliwaka moto. Wananchi walikuwa wanapinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na swali lao lilikuwa rahisi: gesi imetoka kwetu, sisi tunabaki na nini? Elimu ya miamba haina jibu la swali hilo. Bomba lilijengwa, likazinduliwa mwaka 2015, na kwa miaka iliyofuata sehemu kubwa ya umeme wa nchi ilitokana na gesi, jambo lililotupunguzia utegemezi wa mvua. Kitaalamu uamuzi ulikuwa na hoja. Lakini mtu wa Kemambo anayeangalia lori la mgodi likipita analielewa swali la Mtwara bila kufafanuliwa, na waziri aliyekuwa na dhahabu na gesi vyote mezani pake alilipokea kutoka pande mbili za nchi.

Kisha ikaja kashfa ya Tegeta Escrow. Mkataba wa kununua umeme wa kampuni ya IPTL ulisainiwa mwaka 1995, wakati wa ukame: mtambo wa megawati 100 wa kuchoma mafuta. Kilichoumiza ni malipo ya uwezo wa mitambo. TANESCO ilipaswa kulipa kila mwezi kwa sababu mtambo upo, uwe umewashwa au umezimwa. Mafuta ni juu yake tena. TANESCO ilipobisha kiwango cha malipo, fedha zikawekwa kwenye akaunti ya Escrow Benki Kuu. Mwaka 2013 zilitolewa, zaidi ya shilingi bilioni 300. Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, PAC, mwenyekiti wake Zitto Kabwe, ikaleta taarifa yake Bungeni, na Januari 2015 Profesa Muhongo akajiuzulu. Mwaka huohuo akagombea Musoma Vijijini, akashinda, akarudishwa wizarani, na Mei 2017 akaondolewa tena, safari hii kwa sakata la makinikia, mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje, ingawa North Mara yenyewe haikuwa ikisafirisha makinikia.

Na kabla ya Muhongo? Mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, mwaka 2006, ukame mwingine na megawati 100 nyingine. Februari 2008, baada ya taarifa ya kamati ya Dk. Harrison Mwakyembe, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, pamoja na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha. Ukiwataja baadhi ya walioshika nishati tangu hapo, William Ngeleja, Muhongo, George Simbachawene, Dk. Medard Kalemani, January Makamba, Dk. Doto Biteko, utakuta wanasheria, mwalimu, mwanajiolojia. Hutakuta aliyepanda ngazi ndani ya TANESCO, kuanzia fundi wa laini hadi meneja wa mkoa.

Watu hao wapo. Wamewekwa kwenye viti ambavyo havina ulinzi. Mwishoni mwa 2016 TANESCO, chini ya Mhandisi Felchesmi Mramba, iliomba EWURA ipandishe bei kwa asilimia 18.19. EWURA, mdhibiti ambaye sheria imempa kazi ya kuamua, ikaruhusu asilimia 8.5. Siku ya Mwaka Mpya 2017 bei hiyo ilizuiwa na Mramba akaondolewa. Naelewa kabisa kwa nini Rais wa wakati huo hakutaka bei ipande, na mama wa duka la Kerende alishukuru. Lakini funzo walilolipata wataalamu wote waliobaki ofisini lilikuwa kwamba kusema gharama halisi ya umeme ni hatari kwa ajira. Mramba alirudi miaka mitano baadaye, 2022, akiwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Nishati, na hilo linaonyesha kwamba ujuzi wake haukuwahi kuwa tatizo. Mkoa wetu nao ulitoa mtu wa namna hiyo, Mhandisi Boniface Gissima Nyamo-Hanga, aliyewahi kuongoza REA na kisha TANESCO kuanzia Septemba 2023, hadi alipofariki kwa ajali ya gari Bunda, Aprili 2025. Alizijua nguzo za vijijini na mitambo ya taifa kwa pamoja. Kifo chake kilikuwa hasara ambayo siasa zetu hazikuipima sawasawa.

Kenya wameifungua njia kwa namna nyingine. Tangu Katiba ya 2010, mbunge hawezi kuwa waziri huku anabaki mbunge, kwa hiyo mtaalamu anaweza kuitwa moja kwa moja. Kabla ya hapo, Raila Odinga alikuwa Waziri wa Nishati kuanzia 2001 hadi 2002 huku familia yake ikiwa na kiwanda cha mitungi ya gesi, East African Spectre, alichokianzisha miaka ya sabini mwanzoni. Sheria ya maadili ya maofisa wa umma ya Kenya ilikuja baadaye, 2003. Mtu wa biashara hiyo anaijua kuliko wengine wote mezani, na hapohapo ana maslahi kuliko wengine wote mezani. Mambo hayo mawili hayatenganishwi kwa nia njema. Yanatenganishwa kwa maandishi yanayoweza kusomwa na kila mtu. Ndivyo ilivyo hata kwa wakubwa wa dunia. Wendell Willkie alitoka kuongoza kampuni ya umeme ya Commonwealth and Southern, iliyopigana na mradi wa serikali wa Bonde la Tennessee, akagombea urais wa Marekani mwaka 1940 na kushindwa na Roosevelt. Viktor Chernomyrdin aliiunda Gazprom kutoka wizara ya gesi ya Umoja wa Kisovieti kisha akawa Waziri Mkuu wa Urusi. Kwa huyu wa pili, wananchi wengi hawakuweza kuona mpaka wa serikali na kampuni uko wapi.

Huku Tarime, Wakurya wana ritongo, baraza ambamo jambo la jamii huletwa mbele ya watu wote na anayeshutumiwa akajibu papo hapo. Mkataba wa umeme haujawahi kuwekwa kwenye ritongo lolote la nchi hii kabla ya kusainiwa. Mwaka 2017, kwa sababu ya mgogoro wa dhahabu uliogusa hata Nyamongo, eneo la mgodi wa North Mara, Bunge lilitunga sheria ya mapitio ya masharti hasi katika mikataba ya maliasili. Dhahabu ya Kemambo imepata mlango huo. Napendekeza mikataba ya kununua umeme iingizwe humo pia, ikifika Bungeni na jedwali la malipo ya uwezo, muda wake na gharama ya kuuvunja, kabla wino haujakauka. Mikataba yote miwili iliyotuumiza, IPTL na Richmond, ilisainiwa kwa haraka ya ukame. Sasa Bwawa la Julius Nyerere limefikisha megawati 2,115 na tuna nafasi ya kutunga sheria bila mgao mgongoni. Nafasi hiyo haitadumu. Mahitaji yanapanda kila mwaka.

Kuhusu viti vile 10 vya Rais, ningependa kimoja kitumike kwa mtu aliyefanya kazi ya umeme kwa mikono yake, awe mhandisi au fundi, na atangaze mali zake kama Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inavyotaka, kisha tamko hilo lisomeke. Lakini sitamsubiri.

Kwa wageni wangu wa Kemambo nina ombi la karibu zaidi. Meneja wa TANESCO wa wilaya huitwa kwenye Baraza la Madiwani la Halmashauri ya Tarime. Mwambieni diwani wenu asiulize tena umeme utakuja lini. Aulize transfoma ngapi zimefungwa katika kata, kila moja ni ya kVA ngapi, imeunganishiwa wateja wangapi, na ipi imezidiwa. Aulize nani wako kwenye orodha ya waombaji, tangu tarehe ipi, na kwa nini fulani aliyelipa Machi ameunganishwa kabla ya aliyelipa Januari. Aulize gharama ya kubadili laini ya njia moja iwe njia tatu hadi kwenye makarasha, na kama sehemu ya fedha za wajibu wa mgodi kwa jamii inaweza kuibeba. Majibu yabandikwe ukutani ofisi ya kata, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa. Na wale vijana wenu wanaosomea ufundi umeme, wapeni kazi ya kuyahakiki nguzo kwa nguzo, kisha mmoja wao mwaka wa uchaguzi achukue fomu ya udiwani.