Mnyauko wa Michikichi

Msafiri aondokaye Bujumbura kuelekea kusini, akifuata barabara ya kando ya Ziwa Tanganyika, baada ya mwendo wa kiasi cha kilomita 70 hufika Rumonge, akawa katikati ya michikichi. Kwa watu wa mwambao huo mti huu ndio jiko, ndio soko na ndio karo ya shule. Yumkini katika kila kikosi yupo askari aliyesomeshwa kwa madumu ya mawese yaliyouzwa na wazazi wake. Ndiyo sababu ugonjwa unaoua michikichi si habari ya mabwana shamba peke yao.

Ugonjwa wenyewe ni mnyauko uletwao na kuvu aitwaye Fusarium. Ulielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1946, katika nchi iliyoitwa wakati huo Kongo ya Wabelgiji, ng'ambo ya ziwa hilo hilo. Kuvu huyu huishi udongoni, huingia kwa mizizi, kisha huziba mishipa ipandishayo maji. Makuti ya chini huvunjika na kuning'inia kuzunguka shina, machipukizi mapya hutoka mafupi, na shina lenyewe hukonda kuelekea kileleni. Mti mwingine hufa kwa miezi michache. Mwingine hudhoofika miaka mingi, ukiwa umesimama bila kuzaa kitu cha maana. Mwenye shamba hulaumu jua, au uzee wa mti, na mara nyingine hulaumu jirani. Lakini shina likikatwa, nyuzi za ndani huonekana zimegeuka rangi ya kahawia au nyeusi, na hapo shaka huanza kuondoka.

Dawa ya kuuponya mti uliokwisha kushikwa haipo. Mbolea ya potasi hupunguza madhara, na mti mpya haufai kupandwa karibu na kisiki cha mgonjwa, kwa maana adui bado yumo ardhini. Kinga iliyo imara zaidi ni mche uliozaliwa na wazazi waliopimwa wakaonekana kuustahimili ugonjwa. Mche kama huo hauokotwi chini ya mti. Hata pasipo ugonjwa, mbegu iliyojiangukia chini ya mchikichi bora wa kisasa haitoi watoto waliofanana na mama yao: baadhi hurudia kokwa nene yenye mafuta machache, na wengine kwa kawaida hawazai matunda kabisa. Mkulima huja kulitambua hilo baada ya miaka mitatu au minne ya kupalilia.

Mwaka 1983 ugonjwa huu ulionekana Brazili, na mwaka 1986 Ekwado, mbali kabisa na Afrika. Uchunguzi wa kuvu wa huko ulionyesha ukaribu mkubwa na yule wa Afrika Magharibi. Bahari ya Atlantiki haivukwi na mizizi, kuna kilichosafirishwa. Malaysia na Indonesia, zinazoongoza duniani kwa mawese, zimeshika ulinzi mkali juu ya mbegu zitokazo Afrika, na kadiri inavyojulikana mnyauko huu haujaota mizizi huko.

Kwenye mialo ya Rumonge na Nyanza-Lac, mtumbwi ukiwa na samaki, nguo na watu, furushi la miche yenye udongo mizizini hutazamwa kama mzigo usio na hatia. Aliye zamu huuliza vitambulisho vya abiria. Ni nadra kuuliza miche imetoka shamba gani na ina kibali cha nani. Tena askari mwenyewe huhamishwa kituo hadi kituo, na aendapo likizo hupenda kuwapelekea wazee zawadi. Miche mitano aliyopewa na rafiki, pamoja na konzi ya udongo wa huko ilikotoka, yatosha kulipatia shamba la baba yake mgeni asiyetoka tena.