Takwimu za Chai Zipewe Leseni Huria

Mkulima wa Litein akipeleka majani kituoni, hurudi na risiti ya kilo zake tu. Takwimu za chai ya nchi nzima ziko kwa Bodi ya Chai ya Kenya, za mvua kwa Idara ya Hali ya Hewa, zote zimekusanywa kwa pesa za umma. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa mkulima huyo haki ya kuzipata, na tovuti ya serikali ya takwimu huria ilizinduliwa Julai 2011. Lakini kuona si kutumia: Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inailinda kazi ya serikali, hivyo kuitumia kunahitaji ruhusa. Takwimu hizo zitolewe kwa leseni huria, tena upesi! Kijana wa Bomet azitafsiri kwa Kipsigis, azitungie programu, hata auze kazi yake, kwa sharti moja: ataje zilikotoka.