Dhahabu Si Pesa ya Karo

(Maneno tuliyozungumza na vikundi vya kujisaidia)

Tumeombwa tuongee juu ya kuweka akiba kwa dhahabu. Tutasema yale yaliyotupata sisi wenyewe, hata yale ya aibu.

Mnajua vile shilingi ilitutesa. Mwanzoni mwa 2020 dola moja ilikuwa kama shilingi 100. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imefika kama 160, kisha baadaye mwaka huo ikarudi karibu 130. Mbolea na mafuta hununuliwa ng'ambo kwa dola. Kwa hivyo pesa iliyolala kwenye sanduku letu ilikuwa ikipungua nguvu bila mtu kuigusa. Tukaogopa. Tukasema, si heri tununue dhahabu?

Basi jioni moja akaja mtu na vipande vya manjano, akisema vimetoka mashimoni upande wa Migori. Mizani ilikuwa yake. Bei ilikuwa ya chini, na haraka ilikuwa nyingi. Tukatoa pesa ya karo. Siku ya kuuza, sonara alisugua kipande kwenye jiwe jeusi, akadondosha asidi, na ule mstari wa manjano ukafutika pale pale. Kumbe ni shaba! Januari ile watoto wetu wengine walibaki nyumbani. Mweka hazina akaona haya kuja mkutanoni, lakini kosa halikuwa lake peke yake. Sote tulikuwa tumeinua mikono kukubali.

Tumejifunza haya:

Kwanza, hata dhahabu halisi hupanda na kushuka. Mwaka 2011 wakia moja, yaani gramu 31 hivi, ilifika kama dola 1,900. Mwisho wa 2015 ilikuwa chini ya 1,100. Oktoba 2025 ikapita 4,000. Aliyengoja alipata, aliyehitaji karo mwaka 2015 alilia. Pesa ya karo, ya mbegu na ya matibabu isiende huko.

Pili, msinunue mashimoni wala kwa mtu wa njiani. Sheria ya Madini ya 2016 inataka mfanyabiashara wa madini awe na kibali. Tena dhahabu ya mashimoni mara nyingi hukusanywa kwa zebaki, na mvuke wa zebaki ikichomwa hudhuru ubongo na figo.

Tatu, nendeni kwa sonara mwenye duka linalojulikana. Mtake risiti yenye uzito na karati. Karati 24 ni dhahabu tupu, 18 ni robo tatu, na 9 haifiki hata nusu. Kabla ya kulipa mwulizeni, "Tukiirudisha kesho, utainunua kwa bei gani?" Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo hasara mnayoanza nayo.

Nne, iwekwe kwenye sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na uzito usomwe mbele ya wanachama wote.

Leo mweka hazina wetu amerudi kwenye kiti chake, na karo iko benki. Dhahabu bado hatujanunua. Tukinunua, itakuwa kwa pesa ambayo hata ikilala miaka kumi, hakuna mtoto atakayefukuzwa shule kwa sababu yake.