Vikanyagio vya Gari la Chama: Kuchagua na Kufunga

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Gari la chama ni mali ya wanachama wote, na kila kinachofungwa juu yake hulipiwa kwa mazao ya mkulima. Kwa hiyo hata vikanyagio vya pembeni, yaani vile vinavyofungwa chini ya milango ili mpandaji apate pa kuweka mguu, vyastahili kufikiriwa na halmashauri nzima, wala si kuachiwa dereva na mwenye duka.

Swali la kwanza ni hili: vikanyagio hivyo ni kwa ajili ya nani? Magari kama Toyota Land Cruiser za aina ya 70, zilizoanza kuundwa mwaka 1984, yana sakafu iliyo juu. Kijana huruka akaingia. Lakini mzee mwenye goti bovu anayekwenda kwenye mkutano mkuu, au mama mjamzito anayekimbizwa hospitali usiku, hawezi. Kikanyagio na kichaguliwe kwa ajili ya huyo asiyeweza kuruka. Bomba la duara linalong'aa hupendeza macho, lakini kiatu chenye tope huteleza juu yake. Linalomfaa ni bamba pana, lenye kuenea sehemu kubwa ya wayo, na uso wenye meno au matundu ya kupitishia tope.

Pili, itazamwe barabara. Kikanyagio kinachoning'inia chini sana humrahisishia mpandaji, lakini hugonga mawe na visiki. Chama chenye njia mbovu kiridhike na kikanyagio kilicho juu kidogo. Cha chuma ni kizito na hushika kutu kisipopakwa rangi, ila kikipinda fundi wa karibu aweza kukinyosha. Cha aluminiamu ni chepesi na hakishiki kutu kama chuma, bali kikipasuka si kila fundi awezaye kukichomelea.

Tatu ni ufungaji, na hapa ndipo penye hatari. Apandapo mtu, uzito wake wote huegemea mguu mmoja, tena kwenye ukingo wa nje wa kikanyagio. Bati la bodi ni jembamba; skrubu zilizopigwa humo hulegea, kisha hung'oka. Kwenye gari lenye chasisi, mikono ya kikanyagio ishikwe na chasisi yenyewe, kwa bolti na nati, katika matundu yaliyoachwa na kiwanda. Magari kama Toyota RAV4 hayana chasisi ya peke yake. Hayo yafungwe vikanyagio vilivyotengenezwa kwa aina na toleo lile lile tu. Fundi asitoboe wala kuchomelea chasisi kwa makisio yake, kwani chuma hudhoofika, na mabomba ya breki na ya mafuta hupita karibu. Mkono wa kikanyagio ukihitaji kuchomelewa, ufunguliwe kwanza, uchomelewe mbali na gari.

Kabla katibu hajaidhinisha malipo, milango yote ifunguliwe ionekane haigusi. Jeki iwekwe mahali pake ithibitike kwamba haikuzibwa. Kisha mtu mzito kuliko wote waliopo asimame ukingoni, huku mwingine akitazama chini kama mkono wowote unapinda. Baada ya safari chache za kwanza bolti zote zikazwe tena, na jambo hilo liandikwe katika daftari la gari.

Makadirio ya bei yapatikane kwa mafundi zaidi ya mmoja, uamuzi uingizwe katika kumbukumbu za mkutano, na stakabadhi ihifadhiwe. Bei ya chini isiwe hoja ya pekee. Kikanyagio kilichong'oka chini ya mguu wa mzee huvunja nyonga yake, na hasara hiyo hakuna hesabu ya chama iwezayo kuifidia. Mwenye mali asianguke anapopanda mali yake.