Mpe Kijiko Akishike Mwenyewe

Leo twataka kuwaza pamoja nanyi juu ya kazi moja ya hospitali ambayo wengi hawaijui, nayo ni tiba kwa njia ya kazi.

Daktari humpa mgonjwa dawa, na muuguzi humtunza usiku na mchana. Mtaalamu wa tiba hii huja kitandani na swali: "Mama, ulipokuwa mzima, asubuhi ulianza na kazi gani?" Mama hujibu kwamba aliwasha moto, akakama ng'ombe, akamenya viazi. Basi, matibabu yake huanzia hapo.

Wataalamu hawa waliunda chama chao cha kwanza huko Marekani mwaka 1917, wakati wa vita vilivyowalemaza askari wengi. Mwaka 1930 Daktari Elizabeth Casson alifungua shule ya kwanza ya kazi hii katika Uingereza, mjini Bristol. Hapa kwetu Kenya, vijana huisomea katika chuo cha KMTC.

Hebu tumfikirie mzee aliyepatwa na kiharusi, mkono wake wa kuume umelegea. Mtaalamu humketisha wima. Humfundisha kuvaa shati kwa kutanguliza mkono ulio dhaifu, na kulivua kwa kutanguliza ulio mzima. Mpini wa kijiko huzungushiwa kitambaa uwe mnene, ili vidole visivyo na nguvu viweze kuushika. Na yule mama wa viazi hutengenezewa ubao wenye misumari miwili iliyotokeza juu. Kiazi huchomekwa hapo kisiteleze, naye hukimenya kwa mkono mmoja. Hakuna mashine ya gharama katika hayo yote.

Lililo gumu ni kungoja. Shati ambalo muuguzi angemvika kwa dakika mbili, mzee hulivaa kwa robo saa, jasho likimtoka. Mkewe aliyekuja kumtazama hawezi kuvumilia, huinuka amsaidie. Mtaalamu humwambia kwa upole, "Ngoja kidogo, mama. Anaweza." Mama huona huo ni ukatili. Lakini mkono usiotumiwa husahau kazi, vidole hujikunja na kukakamaa, na mwenye mkono huanza kuamini kwamba yeye ni mzigo tu. Tukimfanyia mgonjwa kila jambo, twamnyang'anya hata kile kidogo alichobakiwa nacho, na twafanya hivyo kwa mapenzi.

Fungueni Injili ya Marko, sura ya 3. Yule mtu wa sinagogi alikuwa na mkono uliopooza. Bwana Yesu hakuukamata na kumnyoshea. Alimwagiza aunyoshe mwenyewe. Tena katika sura ya 1, mkwewe Simoni alilala na homa. Bwana alimshika mkono akamwinua, na punde mama yule alikuwa akiwahudumia wageni. Watu wa nyumba ile waliujua uzima wake kwa kumwona amerudi kazini pake.

Ndugu msikilizaji, je, nyumbani kwako yuko mzee aliyelegea upande mmoja, au mtoto mwenye mtindio wa ubongo? Uliza hospitalini kama yuko mtaalamu wa kazi hii, ukajifunze kwake. Kaa karibu na mgonjwa wako asianguke wala asiungue, kisha mpe kijiko akishike mwenyewe. Uji ukimwagika, pangusa, mpe tena. Wapo ambao mkono wao hautarudia nguvu za zamani. Hata hao, waachie kifungo kimoja cha shati wakifunge. Wape maharagwe wayachambue kwa mkono uliosalia. Nasi kanisani tusimwekee mlemavu kiti cha mbele na kumwacha hapo. Kama aweza kusoma somo, na asome, hata akikawia.

Na tuombe. Ee Bwana, wabariki wanaofanya kazi hii hospitalini. Utupe sisi mikono iliyo tayari kusaidia, na uvumilivu wa kuizuia inapobidi, ili ndugu zetu wainuke. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.