Jino, Jina na Kiima: Msamiati wa Meno na Jinsi Watoto Wanavyotazamana Darasani



Mada ya mhadhara huu inaweza kuonekana ndogo mno kwa ukumbi mkubwa kama huu. Inahusu meno ya mbele ya mtoto wa shule, na maneno ambayo wenzake huyatumia wanapoyaona yamevunjika au yamebadilika rangi. Hoja itakayotetewa ni moja. Watoto hawalitazami jino kwa macho peke yake. Hulitazama pia kwa lugha waliyorithi kutoka kwa wakubwa. Kwa hiyo swali la nani anayechekwa darasani ni la mwalimu na la daktari wa meno, lakini ni la mwanaisimu vilevile.

Tuanze na msamiati. Kiswahili kina majina yanayomtaja mtu kwa meno yake. Asiye na meno ni kibogoyo. Mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu ni kigego. Majina haya yanaingia katika ngeli ya KI-VI pamoja na kipofu, kiziwi, kiwete na kilema. Si kweli kwamba kiambishi ki- hudhalilisha kila kinapopachikwa, kwani kiongozi na kinyozi wamo humo humo. Hata hivyo, kundi hili la majina lina tabia moja: linachukua sehemu ya mwili na kuifanya kuwa mtu mzima. Huyu si tena mtu aliyepungukiwa meno; yeye ni kibogoyo, basi.

Uzito wa jina la namna hii unaonekana wazi katika neno kigego. Huko nyuma, katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza alihesabiwa kuwa mkosi, na katika baadhi ya jamii hizo aliweza kutupwa au kuuawa. Mtoto huyo hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa na meno mawili yaliyotangulia mengine, na jina lililokuwa limeandaliwa kabla hajazaliwa.

Msamiati huohuo unaonyesha pia kwamba dosari haimo ndani ya jino lenyewe. Linganisheni pengo na mwanya. Yote mawili ni nafasi kinywani. Mwanya, yaani nafasi ya asili kati ya meno mawili ya mbele, husifiwa na Waswahili kuwa ni urembo. Pengo, yaani nafasi iliyoachwa na jino lililong'oka, huchekesha. Lakini miongoni mwa Wamaasai, kung'oa meno mawili ya chini ya mbele ilikuwa desturi inayoheshimika, na Wamakonde waliyachonga meno yao kwa ajili ya urembo. Kwa hiyo jino lililopunguzwa laweza kuwa aibu katika kijiji kimoja na fahari katika kijiji kingine. Kinachotofautisha ni maana ambayo jamii imekubaliana kuipa alama ile.

Sasa tuingie darasani, na tuchague mahali panapojulikana: miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha. Miamba ya volkano ya eneo hilo ina madini ya floraidi, nayo huyeyuka na kuingia katika chemchemi, mito na visima. Mto wa Maji ya Chai, wilayani Arumeru, ni mmojawapo wa mito inayojulikana kwa wingi wa madini hayo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Vyanzo vingi vya eneo hilo hupita kiwango hicho mara kadhaa. Magadi yanayotumika kulainisha maharage na makande huongeza kiasi kingine. Floraidi haina rangi wala harufu, na mama anayechota maji safi kwa macho hawezi kuijua.

Madhara yake hutokea mapema. Tabaka gumu la nje la meno ya kudumu ya mbele hujengeka katika miaka minne au mitano ya mwanzo, meno hayo yakiwa bado ndani ya ufizi. Floraidi ikizidi wakati huo, tabaka hilo halikomai sawasawa. Jino huchomoza likiwa na mabaka meupe kama chaki, na baadaye mabaka hayo huweza kugeuka manjano au kahawia. Pengine jino humeguka. Meno hayo huota mtoto akiwa na miaka sita, saba au minane, yaani anapoanza shule. Jambo lililotendeka alipokuwa mchanga linajitokeza mbele ya wenzake katika miaka yake ya kwanza darasani. Mswaki hauwezi kuliondoa, kwa sababu si uchafu uliogandia juu ya jino.

Hapo ndipo lugha inapofanya kazi yake, na mara nyingi inaifanya vibaya. Neno lililo karibu zaidi na mtoto anayetazama ni uchafu, au ukoga. Husema: "Meno yake yamechafuka." Sentensi hii inastahili kuchunguzwa. Kitenzi chafuka kina kinyambuo cha kutendeka, sawa na vunjika. Kinyambuo hiki hutaja hali na kumwacha mtenda nje ya sentensi. Lakini msikilizaji hapendi nafasi tupu. Huijaza kwa kile anachokijua. Tangu akiwa mdogo ameambiwa kwamba asiyepiga mswaki huwa na meno machafu. Basi humweka mwenzake katika nafasi ile ya mtenda. Rangi imegeuka kuwa tendo, na tendo limegeuka kuwa tabia: hapigi mswaki, ni mvivu, kwao hawajali usafi.

Kosa hili si la watoto wa Meru pekee. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alipofika Colorado Springs, Marekani, aliwakuta wakazi wengi wana madoa ya kahawia. Wenyeji walitoa sababu zao: ulaji wa nyama ya nguruwe, unywaji wa maziwa duni. Ilipofika 1931 ndipo ilipothibitishwa kuwa chanzo kilikuwa floraidi ya majini. Kwa miaka 30 lawama ilikuwa imekaa mahali pasipo pake.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, wamelipima jambo hili kwa watoto wenyewe. Katika tafiti zilizochapishwa 2010 na 2015, wanafunzi walionyeshwa picha za nyuso za vijana, nyingine zikiwa na meno mazima na nyingine zikiwa na meno ya mbele yaliyovunjika au yenye kasoro katika tabaka la nje. Wakatakiwa kuwapima kwa orodha ya sifa njema na mbaya. Wenye kasoro walipewa hukumu mbaya zaidi. Kwa mwanaisimu, jambo la kuzingatia ni kwamba kipimo kilikuwa maneno. Jino liliulizwa habari za tabia, na watoto wakaona kwamba linaweza kujibu.

Huenda mtu akasema kwamba huo ni utani tu. Lakini utani wa jadi una sharti lake: mtani hutaniwa naye hutania. Watoto wa miaka saba wanaong'oka meno ya utotoni wanaweza kuitana Mapengo bila kuumizana, kwa kuwa karibu kila mmoja ana lake na litazibwa baada ya muda. Mtoto mwenye madoa hana cha kurudisha, wala doa lake haliondoki kwa kungoja. Anachoweza kufanya ni kufumba mdomo, au kuufunika kwa kiganja anapocheka. Mtoto wa namna hiyo hanyoshi mkono, na akiambiwa asome kwa sauti hunong'ona. Sauti f na v hutamkwa kwa mdomo wa chini na meno ya juu. Th na dh huhitaji ulimi kugusa meno. Anayeficha meno huvuruga sauti hizo, kisha mwalimu huandika kwamba hajui kusoma. Hivyo hukumu ya pili hujengwa juu ya ile ya kwanza.

Lugha inaweza kurekebisha nini? Tanzania imekwisha kupiga hatua moja. Sheria ya mwaka 2010 inazungumzia watu wenye ulemavu, na muundo huo wa -enye humtanguliza mtu kabla ya hali yake. Ni vema vilevile kusema mtoto mwenye madoa ya meno. Hata hivyo tafsida haitoshi. Darasa laweza kusema "mwenye madoa" kwa adabu na bado likaamini kwamba ni mchafu. Kinachohitajika zaidi ni kubadili kiima cha sentensi. Badala ya "meno yake yamechafuka," mwalimu na aseme: "Maji ya kwao yaliyatia madoa meno yake alipokuwa mchanga." Badala ya kumwita mtoto kwa jino lililokatika, aseme: "Aliteleza akaanguka, jino likavunjika." Katika sentensi hizi kisababishi kimetajwa, na nafasi iliyokuwa wazi kwa lawama imezibwa. Zinaeleweka hata na mtoto wa darasa la kwanza.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Kwa kawaida methali hii hutumika kumwonya anayecheka. Ifaavyo, iwe pia agizo kwa wanaotunga vitabu vya sayansi vya shule za msingi, kwa wanaofafanua maneno katika kamusi, na kwa wanafunzi wa isimujamii watakaokwenda Arumeru kuyakusanya majina ambayo watoto wanaitana kwa kweli. Kuondoa floraidi majini ni kazi ya wahandisi, nayo inahitaji fedha na miaka mingi. Kuondoa lawama katika sentensi ni kazi ya wenye lugha, na inaweza kuanza kesho asubuhi, kipindi cha kwanza.